Anzeni na Ndoo ya Maganda, Chupa Zitafuata

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Habari za asubuhi, ndugu wenyeviti wa mitaa, ndugu wajumbe, akina mama na vijana wa vikundi vya usafi.

Vikundi vingi vya taka hapa Dar es Salaam huanza na chupa za maji, kwa kuwa chupa ina mnunuzi. Nakuja kuwaomba muanze na maganda ya ndizi, matumbo ya samaki, machicha ya nazi na ukoko wa ugali.

Tupige hesabu. Benki ya Dunia hukadiria kilo 0.46 za taka kwa mtu kwa siku katika Afrika kusini mwa Sahara. Kaya 100 zenye watu 5 kila moja zinatoa kilo 230 kwa siku. Sehemu 6 kati ya 10 zikiwa za kuoza, hizo ni kilo 138 kila siku, karibu tani moja kwa wiki. Tani hiyo ni maji kwa sehemu kubwa, nanyi mnalipia gari liyapeleke dampo la Pugu Kinyamwezi. Tena ndiyo inayoharibu kila kilicho jirani yake: boksi likilowa mchuzi mnunuzi analikataa, au anakata uzito. Ondoeni taka mbichi jikoni, na taka kavu zitabaki kuwa mali.

Kila nyumba iwe na vyombo viwili. Cha kwanza ni ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, kwa taka zinazooza. Chini tandika gazeti, juu yake konzi mbili za maranda ya mbao zinywe maji. Cha pili ni kiroba cha taka kavu. Pampasi, pedi na vigae vilivyovunjika vikae peke yake kama mabaki. Sindano na dawa zilizokwisha muda zisiingie popote humo; zifungwe kwenye chombo kigumu na zirudishwe zahanati. Majivu ya jiko nayo yapoe usiku kucha kwanza. Kaa moja lenye moto hutoboa ndoo, na likifika kwenye guta la kubebea taka huunguza viroba vyote.

Ndoo ya maganda ichukuliwe mara 3 kwa wiki, bila kuruka. Yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na kwa joto letu funza hukomaa ndani ya siku 4 hadi 7. Mkichelewa wiki nzima, mama mwenye nyumba atafunua ndoo akute funza, na kuanzia siku hiyo atamwaga kila kitu kwenye kiroba kimoja. Hatakuwa amekosea yeye. Taka kavu zinaweza kusubiri mara moja kwa wiki.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo miradi mingi hufia. Guta liwe na ubao katikati, upande wa mbichi na upande wa kavu. Watu wakiona walichokitenga asubuhi kinamwagwa pamoja mbele ya macho yao, hata semina kumi hazitawarudisha. Kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, ambako shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na ushirika wa wakusanyaji, msingi ni huohuo: kutenga nyumbani, kisha kukusanya mlango kwa mlango.

Tuje kwenye mboji. Taka za jikoni peke yake haziwi mboji, zinakuwa uvundo. Zina naitrojeni na maji mengi, na kaboni haitoshi. Kwa kila ndoo 1 ya maganda changanya ndoo 2 za majani makavu yasiyoshindiliwa. Ukitumia vumbi la mbao, nusu ndoo inatosha kwa sababu kaboni yake ni nyingi mno. Ukizidisha, tuta, yaani lundo la mchanganyiko huo, litakaa miezi bila kupata moto. Mabaki ya miwa kutoka kwa wauza juisi ni mazuri sana yakikaushwa na kukatwakatwa. Vifuu vya nazi viwekeni kando, havitaoza kwa wakati wenu.

Tuta liwe na upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.2. Kwa kaya 100, mavuno ya wiki moja hutoa tuta la urefu wa mita 4 hivi. Likiwa chini ya mita moja kila upande, joto hutoroka. Sakafu iwe ya zege yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, maji machafu yaishie kwenye shimo lililosakafiwa, mbali na kisima.

Kupima unyevu, chota konzi moja katikati ya tuta, kamua kwa nguvu. Yatoke matone mawili matatu tu. Yakitiririka, ongeza makavu. Ukifungua kiganja na donge likasambaratika, nyunyiza maji. Joto la katikati linatakiwa lifike nyuzi 55 hadi 65 na likae hapo siku kadhaa, ndipo vimelea na mbegu za magugu hufa. Kama hamna kipimajoto kirefu, chomekeni nondo hadi katikati, mkaichomoe baada ya dakika 10. Mkono ukishindwa kuishika, tuta linafanya kazi. Geuzeni kila baada ya siku 7, cha nje kiingie ndani.

Pua nayo ni kipimo. Harufu ya mayai viza inasema hewa imekosekana, maji yamezidi. Geuza na ongeza makavu. Harufu kali inayochoma macho ni amonia: maganda yamezidi, au mmetia majivu mengi. Masika funikeni kwa turubai. Msimu wa maembe na mwezi wa Ramadhani, maganda ya tikiti na maembe yanapojaa, muwe mmeshaweka akiba ya majani makavu tangu kiangazi.

Kuna mgeni mmoja anayetusumbua tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa, wengi huutia kwenye ndoo ya maganda wakidhani utaoza. Ni plastiki, aina ya polipropilini. Shikisheni kipande kidogo njiti ya kiberiti, mkiwa nje: pamba hubaki majivu, huu huyeyuka na kujikunja donge gumu. Tuta moja lenye mifuko hiyo hutoa mboji yenye nyuzi ambayo mkulima hainunui.

Kwenye taka kavu nitapita haraka. Chupa ya maji itolewe kizibo na lebo, imwagwe maji, ikanyagwe. Mkisaga chupa na vizibo na kuvitia kwenye beseni la maji, vipande vya chupa vitazama na vya vizibo vitaelea, kwa hiyo plastiki hizo mbili hutenganishwa kwa maji tu. Kopo likivutwa na sumaku ni bati, lisipovutwa ni alumini, nalo lina bei zaidi.

Pesa nazo zisichanganywe. Ada ya nyumba ndiyo ilipe wakusanyaji; mauzo ya chupa na mboji yanunue glovu, mabuti na matairi ya guta. Kikundi kinachotegemea bei ya chupa kulipa vijana wake husimama siku bei inaposhuka.

Kila Ijumaa chagueni nyumba 10, mwageni ndoo zao kwenye turubai, mpime kisichotakiwa. Kikizidi kilo 1 katika kila kilo 10, mjumbe apite nyumba hizo akiwa na ndoo mkononi, aonyeshe kilichokosewa. Faini ije mwisho kabisa.

Baada ya miezi 3, chekecheni kwa wavu wa milimita 10. Kabla ya kuuza, changanyeni mboji na udongo nusu kwa nusu, pandeni mbegu 10 za mchicha kwenye kopo, na nyingine 10 kwenye udongo mtupu. Kopo la mboji likiota pungufu kuliko la udongo, mboji haijaiva. Rudisheni chini ya turubai wiki 3, kisha mjaribu tena.