Ukiwasha VPN, Nani Bado Anakuona?

Mabibi na mabwana, wanafunzi, na wenzangu mnaoshughulika na data za watu, asanteni kwa kufika. Swali nililopewa ni hili: je, VPN ya kibiashara, yaani ile programu inayopitisha data yako kwenye seva ya kampuni nyingine kabla ya kufika kwenye tovuti, na inayotangazwa kila kona ya mtandao, inalinda kweli faragha ya mtumiaji? Nitajibu mapema. Inalinda kipande cha faragha, dhidi ya baadhi ya watazamaji, na kilichobaki haikigusi kabisa. Na kwa watu wengi waliopakua VPN za bure, hali yao imekuwa mbaya kuliko kama wasingepakua chochote. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, na nitalirudia.

Tuanze na kinachotokea bila VPN. Unapofungua tovuti, simu yako kwanza huuliza jina lile lina anwani gani ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao. Swali hilo, linaloitwa DNS, kwa kawaida huenda kwenye seva ya kampuni ya simu likiwa wazi. Kisha simu huungana na tovuti yenyewe. Siku hizi tovuti nyingi sana zinatumia HTTPS, kwa hiyo mawasiliano yamesimbwa, yaani yamegeuzwa yasisomeke na wengine njiani: kampuni ya simu haisomi ulichoandika, haioni nywila yako, wala haijui ni ukurasa upi umeufungua ndani ya tovuti. Lakini inaliona jina la tovuti, kwa sababu jina hilo hujitokeza kwenye swali la DNS na mara nyingi hujitokeza tena mwanzoni mwa mawasiliano ya TLS, ule utaratibu unaofanya usimbaji wa HTTPS, kabla usimbaji haujakamilika. Inaona pia saa, muda, na kiasi cha data. Msiyadharau hayo. Mtu anayefungua tovuti ya ushauri wa VVU usiku wa manane mara tatu kwa wiki hahitaji mtu amsomee kurasa zake ndipo siri yake ijulikane.

Ukiwasha VPN, kila pakiti ya data hutiwa ndani ya pakiti nyingine iliyosimbwa, kama barua ndani ya bahasha ya pili, na bahasha hiyo ya nje ina anwani moja tu: seva ya kampuni ya VPN. Kampuni ya simu inabaki na anwani hiyo, saa, na uzito. Bahasha yenyewe ina gharama. WireGuard, mojawapo ya itifaki au taratibu za VPN, tena nyepesi, huongeza baiti 60 kwa kila pakiti inayosafiri kwa IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za IP, na baiti 80 kwa IPv6, mfumo mpya. Kwa pakiti kubwa ya baiti 1,400 na kitu hiyo ni kama asilimia nne au tano ya bando lako. Kwa simu za sauti mtandaoni, ambazo pakiti zake ni ndogo, sehemu inayoliwa ni kubwa zaidi.

Sasa upande wa pili. Seva ya VPN huifungua bahasha ya nje na kupeleka ya ndani kwenye tovuti. Maana yake, majina ya tovuti, saa na viwango vya data ambavyo kampuni ya simu ilikuwa inaviona sasa vinaonwa na kampuni ya VPN. Mtazamaji hajaondoka, umembadilisha tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kulipa ni moja: huyu mpya ninamwamini kuliko yule wa zamani, na kwa sababu gani?

Kwa mtu wa Tanzania au Kenya jibu haliko upande mmoja. Kampuni yako ya simu inajua jina lako kamili, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na inaweza kupokea amri ya kutoa taarifa zako. Lakini ina leseni, ina ofisi unayoweza kuiendea, na inabanwa na sheria ya ulinzi wa data, ya mwaka 2019 kwa Kenya na ya 2022 kwa Tanzania. Kampuni ya VPN inaweza kuwa imesajiliwa Panama au Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Haijui jina lako kama hukuitajia, na amri ya mahakama ya huku haiifikii kirahisi. Kwa sababu hiyohiyo, ikikuuza hutakuwa na pa kuishtakia. Mwandishi wa habari anayelinda chanzo chake anaweza kuona mabadilishano haya yanafaa. Mtu anayetazama mechi na kusoma magazeti anaweza kuwa analipa dola kadhaa kwa mwezi bila kununua chochote.

Mtaniambia: lakini matangazo yanasema hawatunzi kumbukumbu za nani aliunganishwa lini na alitembelea nini. Tuangalie kilichotokea pale ahadi hiyo ilipojaribiwa.

Mwaka 2017, katika kesi ya unyanyasaji wa mtandaoni huko Massachusetts, Marekani, nyaraka za FBI zilionyesha kuwa PureVPN iliwapa wapelelezi taarifa zilizothibitisha kwamba mteja mmoja aliingia kwenye huduma kutoka anwani ya IP ya nyumbani kwa mtuhumiwa na nyingine ya kazini kwake. Kampuni hiyo ilikuwa ikijitangaza kuwa haitunzi kumbukumbu. Sina huzuni kwamba mnyanyasaji alikamatwa. Ninachowaomba mkione ni kwamba taarifa zilikuwepo. Julai 2020 likaja kubwa zaidi: UFO VPN na nyingine sita zilizotumia miundombinu ileile, zenye mizizi Hong Kong, zilikutwa zimeacha wazi mtandaoni kumbukumbu za watumiaji, jumla terabaiti 1.2, zikiwemo nywila zilizoandikwa bila kusimbwa. Nazo zilikuwa zikiahidi kutotunza kitu.

Wapo walioshinda jaribio. Seva ya ExpressVPN ilikamatwa Uturuki katika uchunguzi wa mauaji ya Balozi wa Urusi, Andrei Karlov, yaliyotokea Desemba 2016, na haikukutwa na kumbukumbu za watumiaji. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad mjini Gothenburg na hati ya upekuzi, wakaondoka mikono mitupu. Mullvad haikuombi hata barua pepe. Unapewa namba ya akaunti yenye tarakimu 16, unalipa euro 5 kwa mwezi, na ukitaka unatuma pesa taslimu kwa posta. Huo ndio mpangilio ninaouheshimu, kwa sababu ambacho hakikukusanywa hakiwezi kuibwa wala kudaiwa mahakamani.

Angalieni pia nani anamiliki nini. Kampuni ya Kape Technologies, ambayo zamani iliitwa Crossrider, ilinunua CyberGhost mwaka 2017, Private Internet Access mwaka 2019, na ExpressVPN mwaka 2021 kwa dola milioni 936. Mwaka huohuo wa 2021 ilinunua pia kampuni inayoendesha vpnMentor na Wizcase, tovuti zinazowashauri watu VPN ipi ni bora. Ukitafuta mtandaoni nani anaongoza, fahamu kwamba anayepanga orodha anaweza kuwa mwenye duka. Na hata pasipo umiliki, tovuti nyingi za aina hiyo hulipwa kamisheni kwa kila mteja wanayempeleka.

Nije kwenye VPN za bure, na hapa nawaomba sana mnisikilize. Kuendesha seva kunagharimu umeme, vifaa na njia ya mtandao. Asiyekutoza pesa anazipata kwingine. Facebook, ambayo sasa kampuni yake inaitwa Meta, iliinunua Onavo mwaka 2013 na kuisambaza kama VPN ya bure ya kulinda data. Kumbe ilikuwa inakusanya taarifa za apu gani watu wanazitumia na kwa muda gani. Apple ilishinikiza iondolewe kwenye duka lake mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni tanzu mbili za Meta dola za Australia milioni 20. Hola, VPN nyingine ya bure, nayo ilibainika mwaka 2015 kuwa inauza njia ya mtandao ya watumiaji wake kwa wateja wengine. Mei 2024 serikali ya Marekani ilivunja mtandao wa 911 S5 uliokuwa umeteka anwani za IP zaidi ya milioni 19 duniani kupitia VPN za bure kama MaskVPN, DewVPN na ShieldVPN. Aliyepakua mojawapo alifungua mlango ili wahalifu wapite kwa anwani yake. Uhalifu ukifanyika, IP inayoonekana ni ya nyumbani kwako.

Watafiti waliochunguza VPN 283 za Android mwaka 2016, wakiongozwa na taasisi ya CSIRO ya Australia, walikuta asilimia 18 hazisimbi data kabisa, asilimia 84 zinaacha data ya IPv6 ipite nje, na asilimia 66 zinaacha DNS ipite nje. Takwimu hizo ni za zamani na soko limebadilika, ila namna zinavyoharibika bado ni zilezile.

Sasa yale ambayo hata VPN bora haiyagusi. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google au Facebook, umeshajitaja jina. Vidakuzi, yaani faili ndogo za utambulisho zilizoachwa na tovuti kwenye kivinjari jana, vitakutambua leo ukiwa na IP ya Uholanzi. Apu uliyoiruhusu kuona mahali ulipo inasoma GPS ya simu, haihangaiki na IP. Namba ya utangazaji ya Android, inayotambulisha simu yako kwa watangazaji, hukufuata kutoka apu hadi apu. Na kivinjari chenyewe, kwa ukubwa wa skrini, fonti, lugha na toleo lake, kina alama yake: EFF, shirika la kutetea haki za watu mtandaoni, lilipopima vivinjari karibu 470,000 mwaka 2010, asilimia 83.6 vilikuwa vya kipekee. Isitoshe, kwenye mitandao mingi ya simu wateja wengi hushirikiana anwani moja ya IP ya nje. Tovuti ilikuwa haikutambui kwa IP hata kabla hujalipa.

Kama bado unaihitaji VPN, na wapo wanaoihitaji, ipangilie vizuri. Kwenye Android fungua mipangilio ya mtandao, kisha VPN, gusa alama ya gurudumu kando ya jina lake, washa kipengele cha kuiweka hewani wakati wote, na kile kilicho chini yake cha kuzuia muunganisho wowote usiopita VPN. Bila hicho cha pili, VPN ikikatika kwa sekunde chache mtandao ukiyumba, simu inaendelea na kazi nje ya VPN bila kukuambia. Kwenye iPhone tatizo ni jingine: mwaka 2020 Proton, kampuni nyingine ya VPN, walieleza kuwa miunganisho iliyokuwa wazi kabla ya VPN kuwashwa haifungwi. Washa VPN, weka hali ya ndegeni, kisha iondoe, ili miunganisho ianze upya. Inapunguza tatizo bila kuliondoa kwa uhakika.

Halafu pima. VPN ikiwa imezimwa fungua ipleak.net, andika IP unayoiona, ya IPv4 na ya IPv6, pamoja na seva za DNS. Washa VPN, pakia ukurasa upya, linganisha. Ikibaki namba yoyote ya mwanzo, kuna uvujaji. Mara nyingi mkosaji ni IPv6, au ni WebRTC, teknolojia ya kivinjari ya simu za sauti na video, inayoonyeshwa kwenye sehemu yake ya ukurasa uleule.

Na kama hofu yako ni jina la tovuti kuonekana kwenye DNS tu, Android 9 na kuendelea ina DNS ya faragha, inayolisimba swali hilo, bure: andika dns.quad9.net kwenye kipengele hicho. Jina bado litaweza kuonekana kwenye TLS, lakini umepunguza. Ongeza kivinjari cha Firefox chenye uBlock Origin, kiongezi kinachozuia matangazo na wafuatiliaji, futa namba ya utangazaji kwenye mipangilio ya Google, na umeshawapunguzia wafuatiliaji wa kibiashara mengi kuliko VPN nyingi zingefanya.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zinakataza teknolojia ya kumwezesha mtu kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, iliwataka wanaotumia VPN kikazi wasajili taarifa zao. Falme za Kiarabu, waliko ndugu zetu wengi, kuficha IP kwa nia ya kutenda kosa kuna faini ya kuanzia dirhamu 500,000. Na kumbukeni Uganda, Januari 2021: intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, VPN haikusaidia kitu, kwa sababu nayo inapita kwenye intaneti hiyohiyo.

Kuna swali limeletwa kwa maandishi: vipi Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege? Hapo VPN ina kazi, kwa kuwa hujui nani anaendesha kifaa kile. Lakini Mei 2024 ulitangazwa udhaifu ulioitwa TunnelVision, ambapo anayedhibiti Wi-Fi hutumia kipengele namba 121 cha DHCP, utaratibu ambao Wi-Fi huutumia kukipa kifaa anwani, kuielekeza data nje ya VPN, huku programu ikionyesha kuwa umeunganishwa. Android haikuathirika kwa sababu haitumii kipengele hicho. Kwa hiyo ukiwa na kompyuta na kazi nyeti, acha Wi-Fi ya hoteli, washa hotspoti ya simu yako, na uunganishe VPN ya kompyuta kupitia hapo.