Senti ya Lincoln na shaba iliyobaki kwenye mashine

Mabibi na mabwana, wengi wenu mmekuja na swali moja: nina senti ya zamani ya Marekani, nitaiuza bei gani? Nitalijibu, lakini tupitie madini yake kwanza, maana bei imejificha humo.

Mwaka 1793 senti hiyo ilikuwa shaba tupu, kubwa na nzito. Mwaka 1857 ikapunguzwa umbo na kuchanganywa na nikeli. 1864 ikawa shaba asilimia 95, iliyobaki bati na zinki. Sura ya Lincoln, aliyekuwa rais wa Marekani, ikaingia 1909. Hapa sikai sana.

Twende 1943. Vita vimepamba moto, shaba inatakiwa kwenye risasi. Senti ikafuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Tuseme ukweli, ndiyo mabati tunayoezekea nyumba. Iling'aa mno, watu wakaidhania ni senti kumi, na ikishika unyevu ilipata kutu. Mwaka uliofuata shaba ikarudi, nyingine ikitokana na maganda ya risasi. (Shida ya namna hiyo ilishafika Tabora: mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamekatiwa njia ya bahari, walifua heller, sarafu zao ndogo, kwenye karakana ya reli.)

Senti za chuma zilizidi bilioni moja, kwa hiyo iliyochakaa haikununulii hata chai. Zilizo ghali ni zile ambazo hazikutakiwa kuwepo: vipande vichache vya shaba vilivyobaki kwenye mashine vikagongwa chapa ya 1943. Na kwa sababu ni chache, matapeli hawalali. Yupo anayepaka shaba juu ya senti ya chuma. Huyo utamnasa kwa sumaku. Yupo anayekwangua nane ya 1948 mpaka ifanane na tatu. Kwake sumaku haifui dafu; chukua lenzi utazame mkia wa ile tatu, ambao kwenye senti halisi hushuka chini kupita tarakimu jirani.

Shaba ilipozidi kuwa ghali, mwaka 1982 wakahamia zinki iliyovikwa shaba asilimia 2.5. Mwaka huo zilitoka za aina zote mbili, na kwa macho huzitofautishi. Pima: gramu 3.11 ni shaba, 2.5 ni zinki. Shaba iliyomo kwenye ile nzito inazidi senti moja kwa thamani, ndiyo maana Desemba 2006 serikali ilipiga marufuku kuziyeyusha. Hata ya zinki ikaja kuwa hasara: mwaka 2024 kutengeneza moja kuligharimu karibu senti 3.7, na Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kikafua za mwisho za matumizi.

Naona bado mnasubiri bei. Haya. Senti ya shaba ya 1943 iliyofuliwa Denver iliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 1.7. Ilipopelekwa mnadani mwaka 2021, ilinunuliwa kwa dola 840,000.