Boksi la Stelingi la Land Rover ya Zamani: Uweke Oili au Grisi?

Habari za asubuhi wadau. Hii mnayoiona ni Land Rover Series IIA, ile ndefu ya inchi 109, na leo hatufungui boksi la stelingi wala hatukazi pleyi, ule ulegevu wa usukani. Tunachagua kitu cha kuweka ndani yake, basi. Naipenda kazi hii kuliko kazi nyingi hapa gerejini, kwa sababu haina gharama kubwa na dereva anaiona tofauti siku hiyohiyo.

Boneti juu. Mbele imepigwa jeki, stendi zimekaa, magurudumu ya mbele yananing'inia, ya nyuma yamewekewa mawe. Hayo mnayajua, tuendelee.

Boksi ni hili hapa, shafti ya usukani inapoishia. Ndani yake shafti hiyo ina thredi nene, na juu ya thredi imekaa nati. Kati ya nati na shafti zinapita gololi za chuma, zinazunguka na kurudi zilikotoka. Ukigeuza usukani, nati inapanda au kushuka, inasukuma shafti fupi ya pembeni, na shafti hiyo inausukuma mkono unaoning'inia nje. Kumbukeni hizo gololi. Kila nitakachosema leo kinazihusu.

Kitabu cha kiwanda kinasema weka oili ya gia, EP 90, hadi usawa wa tundu la kujazia. Kama sili yako, ile pete ya kuzuia oili isitoke kandokando ya shafti, ni nzima, fuata kitabu. Nilikuja leo nikiwa na galoni ya 90 mkononi, nilitaka... ngoja. Dogo, sogeza kamera hapa. Chini zaidi. Hapo, mkono unapotokea. Mnaona hilo tone? Limening'inia, linakua, linakua... limedondoka. Na pale kwenye chasisi, vumbi limegandamana jeusi kama lami. Asubuhi nilipafuta, sikuliona tone.

Basi mpango unabadilika. Sili ya ile shafti fupi imechoka, na nikijaza 90 leo, itaanza kutoka leo hiyohiyo. Dawa kamili ni kubadilisha sili, na kama shafti yenyewe imelika kijia pale sili inapokaa, hata sili mpya itavujisha. Mwenye gari anaihitaji kesho. Kwa hiyo tunatafuta kitu kizito kuliko oili, lakini kinachotembea.

Na hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wakiona boksi linavuja, wanachukua grisi ya beringi za magurudumu, wanalishindilia mpaka juu. Usifanye hivyo. Narudia: grisi ya beringi isiingie kwenye boksi hili. Nitawaonyesha kwa nini.

Nimeweka vifuniko vitatu vya makopo. Cha kwanza kina grisi ya beringi, kwenye kopo imeandikwa NLGI 2. Cha pili kina grisi laini, NLGI 00, sifuri mbili. Cha tatu kina oili ya 90. Sasa napitisha kidole katikati ya kila kimoja. Kwenye oili, kidole kikitoka tu alama imefutika. Kwenye sifuri mbili, angalieni... kingo zinainama, zinakutana taratibu, kama uji mzito ukichotwa kijiko. Imefunga. Kwenye namba mbili, mfereji uko palepale. Tukinywa chai tukarudi, utakuwa palepale.

Ndivyo inavyokuwa ndani ya boksi. Nati inapita mara moja, inaisukuma grisi pembeni, na grisi inabaki ukutani. Haina nguvu ya kurudi kwa gololi. Boksi limejaa, halivuji hata tone, na gololi zinasagana kavu.

Najua kwa sababu nilishafanya. Nikiwa kijana nilimjazia mzee mmoja boksi lake grisi ya beringi, akafurahi kwamba kuvuja kumekwisha. Miezi michache baadaye akarudi, usukani unakwama na kuachia, kwama, achia. Nilipofungua, grisi ilikuwa imesimama pembeni kama ukuta wa udongo, safi, rangi yake ileile ya siku nilipoiweka. Katikati, gololi zilikuwa na unga wa kahawia wa kutu, na thredi za shafti zimechimbika vishimo ambavyo ukucha unavisikia. Stelingi ikikwama mlimani inaua. Nilimnunulia mzee boksi jingine kwa pesa yangu, na tangu siku hiyo kopo la grisi ya beringi halikai karibu na boksi la stelingi kwenye gereji hii.

Namba hizo mnazisoma hivi. Koni ya chuma inaachiwa izame kwenye grisi kwa sekunde tano, kwenye joto la nyuzi 25, halafu wanapima imezama kiasi gani. Kwenye namba mbili inazama milimita 26 na nusu hadi 29 na nusu. Kwenye sifuri mbili, milimita 40 hadi 43. Sifuri zikiongezeka, ulaini unaongezeka. Kuna hata sifuri tatu. Ukifika dukani usiulize "grisi nzuri", uliza namba.

Muuzaji wa vipuri vya magari madogo anaweza asiijue. Nenda kwa wauza vipuri vya malori, kwa sababu malori yenye mfumo wa kujipaka grisi yenyewe yanatumia laini ya aina hii. Au nenda kwa watu wa matrekta: zipo grisi laini za giaboksi za mashine za kuvunia mahindi, na wapenzi wa magari ya zamani kule Marekani wanazitumia sana kwenye maboksi ya stelingi. Hata Land Rover wenyewe baadaye, kwenye ile mipira ya chuma nyuma ya magurudumu ya mbele, waliacha oili ya 90 wakahamia grisi laini. Mimi ninayo ya kuuza, nusu kilo nusu kilo, lakini ukiipata karibu na kwako chukua hukohuko.

Kuhusu oili ya 140: ni nzito kuliko 90, na kwa sili inayovuja kidogo tu inasaidia. Na usiogope hiyo namba 90 ukailinganisha na oili ya injini. Vipimo ni tofauti. Oili ya gia 90 uzito wake uko karibu na oili ya injini ya 40 au 50. Ila tazama maandishi ya pembeni, GL-4 au GL-5, hayo ni madaraja ya oili ya gia. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya kuzuia vyuma kusagana, na dawa hiyo inaweza kuishambulia shaba kukiwa na joto. Boksi la stelingi halichemki kama difu, kwa hiyo si hatari kubwa, lakini ndani kuna bushi ya shaba, na mimi naweka GL-4 nikalala usingizi.

Tujaze. Kabla ya kugusa nati inayoziba tundu la kujazia, brashi na mafuta ya taa, pasafi kabisa kuizunguka. Chembe moja ya mchanga ikiangukia kwenye gololi, kazi yote bure. Fungua... imekaza. Usiipige nyundo, tumia spana ya pete, taratibu. Hiyo.

Sasa chomeka kijiti safi, kitoe, ukiangalie na ukinuse. Hiki kimetoka na oili nyeusi nyembamba, vizuri. Ungekitoa na donge la grisi, simama hapohapo. Donge hilo haliyeyuki kwa kumiminia kitu juu yake, boksi lifunguliwe lioshwe. Tena grisi zenyewe hazipatani zote. Iliyotengenezwa kwa lithiamu ukiichanganya na iliyotengenezwa kwa udongo zinaweza kugeuka maji. Nasema tena, mkiona donge msijaze.

Navuta oili chafu kwa bomba kubwa la sindano lenye kipande cha mpira, kadiri inavyokubali. Kisha bomba jingine, safi, na sifuri mbili. Sukuma kidogo. Dogo, geuza usukani mpaka mwisho kulia. Sasa kushoto mpaka mwisho. Mnasikia hiyo sauti, bwaku? Hewa inatoka. Sukuma tena, geuza tena. Hapa msiwe na haraka, ukijaza kwa mkupuo mmoja unaifungia hewa chini na tundu linakudanganya kwamba limejaa. Mara nne, tano... kamera imetikisika, samahani, dogo anageuza usukani kwa mkono mmoja. Imefika ukingo wa chini wa tundu. Tosha. Usizidishe, ikizidi itaitafuta ile sili.

Nati imerudi na washa yake. Shusha gari, kipande cha boksi la karatasi chini ya mkono, tutakiangalia kesho asubuhi kabla mwenyewe hajaja. Matone mawili matatu naweza kuyavumilia mpaka sili mpya ifike. Kidimbwi, gari haliondoki.

Kuna rilei ya stelingi pale mbele, nyuma ya grili, kile kiungo kinachopokea msukumo wa boksi na kuupeleka kwenye magurudumu, nayo inataka kulainishwa na wengi wanaisahau mpaka inakauka. Iongezeeni 90 kwenye tundu la juu. Lakini msiifungue, tafadhali, msiisukume shafti yake itoke. Ndani kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, inaruka ikapasua uso. Ile nitaifungua kwenye video yake, nikiwa nimeifunga kwenye gunia na mnyororo.