Mfupa Hausomi Cheti

Makocha wenzangu, na ninyi wazazi mlioketi huko nyuma, asanteni kwa kufika. Kabla sijasema lolote, kila mtu ashike kifundo cha mkono wake. Peleka kidole upande wa dole gumba, panda juu kidogo mpaka uguse mfupa. Hapo hapo. Kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, mahali hapo padogo ndipo panapoamua nani abaki kambini na nani afunge begi.

Kwa mtoto anayekua, ncha ya mfupa huo haijaungana na mfupa wenyewe. Katikati kuna ukanda wa gegedu, na ukimweka kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, ukanda huo unaonekana kama mstari. Miaka inavyokwenda mstari unazibwa na mfupa hadi unapotea kabisa. Madaktari wameugawa mchakato huo katika hatua sita: ya kwanza mstari uko wazi, ya sita haupo tena. FIFA walianza kukitumia kipimo hiki kwenye mashindano ya 2009 nchini Nigeria. Eksirei ingeweza kuonyesha hayo pia, lakini eksirei ina mionzi, na hakuna daktari mwenye akili timamu atakayempiga mtoto mionzi kwa sababu ya mpira.

Wenyeji wenyewe, Nigeria, walilazimika kuwaacha wachezaji kadhaa baada ya kuwapima. Waliobaki wakafika fainali, wakafungwa na Uswisi 1-0. Nawataja kwa makusudi, maana kuna kocha atakuja kuniambia kwamba bila vijeba, yaani waliozidi umri, huendi popote.

Tulifikaje hadi kumpima mtoto mfupa? Kwa sababu karatasi ilishindwa. Mashindano haya yalipoanza China mwaka 1985, yakiwa bado ya chini ya miaka 16, mtu alikuwa anaonyesha pasi ya kusafiria tu, basi. Pasi inaandikwa kutokana na cheti cha kuzaliwa, na cheti kinaandikwa kutokana na maneno ya mtu aliyesimama dirishani kwa msajili. Mchezo wote uko pale dirishani.

Mkitaka kujua uongo wa aina hii unaweza kugharimu kiasi gani, waulizeni Mexico. Mwaka 1988 iligundulika kuwa walichezesha watu waliozidi umri kwenye mechi za kufuzu mashindano ya vijana ya 1989. Walikamatwaje? Kitabu cha mwaka cha shirikisho lao wenyewe kilikuwa kimechapisha tarehe za kuzaliwa zilizo tofauti. Yaani mwizi kaacha kitambulisho mlangoni! FIFA haikuishia kuifungia timu ya vijana. Ilizifungia timu zote za taifa kwa miaka miwili. Mexico wakakosa Olimpiki ya Seoul, wakakosa na Kombe la Dunia la 1990 Italia. Msimu wa kuelekea Italia, Hugo Sánchez alikuwa amefunga mabao 38 kwenye ligi ya Hispania akiwa na Real Madrid. Alikuwa katika ubora wake wa juu kabisa, na Kombe la Dunia akaliangalia kwenye televisheni, kwa kosa la karatasi za vijana wasiomhusu.

Nigeria nao walifungiwa, kwa sababu tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji kwenye Olimpiki ya 1988 hazikulingana na zile zilizowahi kupelekwa kabla. Wakanyang'anywa na uenyeji wa mashindano ya chini ya miaka 20 ya 1991. Yakahamia Ureno, na Ureno wenyewe wakalichukua kombe nyumbani, kizazi cha akina Figo na Rui Costa.

Sasa nije kwa Serengeti Boys, timu ya vijana ya Tanzania ya chini ya miaka 17, maana kisa chao nakipenda kwa jinsi kilivyopinda. Tanzania ilifuzu fainali za Afrika za vijana za 2005 kule Gambia, ikaenguliwa kwa kosa la umri, nafasi ikaenda Zimbabwe. Songa mbele hadi 2016. Wanacheza na Kongo Brazzaville kutafuta tiketi ya fainali za Afrika za 2017. Nyumbani wanashinda 3-2, ugenini wanafungwa 1-0. Jumla 3-3, wanatolewa kwa magoli ya ugenini. Lakini safari hii ni Tanzania wanaokata rufaa, wakisema kwamba kuna mchezaji wa Kongo aliyezidi umri. CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakaagiza akapimwe MRI. Hakutokea. Kongo wakaondolewa, Serengeti Boys wakapanda ndege kwenda Gabon. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mimi nadhani lililowasaidia Watanzania ni kwamba ule mkuki walishaujua uchungu wake.

Kule Gabon walitoka sare na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0. Wakalingana pointi na Niger, nne kwa nne, na Niger ndio wakaenda Kombe la Dunia kule India. Sare moja tu na Niger ingewapeleka wao. Huo ndio uliokuwa ukatili wa mashindano haya yalipokuwa yakichezwa kila baada ya miaka miwili: mara nyingi kijana hakupata nafasi ya pili, kwa sababu kufikia mashindano yaliyofuata umri ulikuwa umeshampita.

Lakini msinielewe kwamba mashine ndiyo dawa. Kwanza, ni mlango wa upande mmoja. Inaweza kusema huyu karibu hakika amevuka 17. Haiwezi kusema yule hajavuka, maana wapo vijana wa miaka 19 ambao mstari wao bado haujafunga kabisa. Kwa mashindano ya chini ya miaka 20 haina kazi kabisa. Wasichana nao mifupa yao huungana mapema zaidi, kwa hiyo kipimo hicho hicho huwezi kuwawekea.

Pili, na hili huninyima usingizi: utafiti ulionyesha kuwa chini ya mvulana mmoja kati ya mia, akiwa bado hajafika 17, mfupa wake umeshafunga kabisa. Mmoja kwa mia ni kidogo, sivyo? Tangu 2025 Kombe la Dunia lina timu 48, kila moja wachezaji 21. Pigeni hesabu, ni vijana 1,008. Tena hao hawakuokotwa ovyo. Sisi makocha tunachagua mwenye kifua, mwenye kasi, aliyewahi kukomaa, yaani yule yule ambaye mfupa wake utawahi kufunga. Kwa hiyo mtoto mkweli kabisa, mwenye cheti halali, anaweza kurudishwa nyumbani akionekana mwongo mbele ya kijiji kizima, na wewe kocha huna la kumwambia.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni yetu kabla haijawa ya daktari. Mwaka mmoja nilikaa na kijana, winga wa kushoto, mguu wake mtamu sana. Nikamuuliza amezaliwa lini. Akaitaja tarehe upesi, siku, mwezi na mwaka, kama mtu anayesoma ubaoni, halafu akamtupia jicho aliyemleta. Tarehe ililingana na ya kwenye pasi, nukta kwa nukta. Nikaacha mambo ya mpira, tukaongea habari za nyumbani. Una wadogo zako? Ninaye mmoja. Mama mmoja, baba mmoja? Ndiyo, kocha. Mmefuatana? Tumefuatana. Yeye kazaliwa lini?

Akataja tarehe ya kweli ya mdogo wake, kwa sababu hiyo hakuna aliyemfundisha kuibadilisha. Walipishana miezi minne.

Sikumkaripia. Alikuwa ameinamisha kichwa akikuna kifundo cha mkono, na yule aliyemleta alishatoka nje kupokea simu. Nikalifunga daftari, nikamuuliza, "Sasa niambie mwanangu, miaka yako ni mingapi?" Akaanza kuhesabu kwa vidole.

Haya, maswali. Naona mzee wa kule nyuma amenyoosha mkono muda mrefu.