Eti nalipa hela kuokota takataka za Waganda? Haya leo tuongee

Haya mambo vipi jamani, wakubwa shikamooni. Leo hakuna mapishi, hakuna kuzunguka Owino kutafuta mitumba, nakaa hapa hapa sebuleni naongea, maana tangu niweke ile video fupi nimebeba gunia msituni Mabira hapa Uganda komenti ni ileile inajirudia. "Dada yani umeenda Uganda kutafuta maisha unaishia kulipa hela uokote takataka za Waganda?" Mwingine anaongezea, huku kwetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi usafi tunafanya bure, tena kwa lazima, duka hufungui mpaka saa nne, we unaulipia. Na mjomba wangu, simtaji, anajijua, kaichukua ile video kaipeleka kwenye grupu la ukoo kaandika "kumbe hela zipo". Haya mjomba, marahaba.

Na najua hata nikieleza bado kuna watakaosema naringa, eti siku hizi michezo yake ya kizungu, na nikisema kilichonikera watasema mbona unaisema nchi ya watu, si urudi. Zote nshazisikia. Mi naeleza tu kilichotokea, kila mtu abebe anachoweza.

Kwanza sikulipia takataka. Nililipia ramani. Ule ni mchezo, unaitwa orientiringi, unapewa ramani na dira, msituni wametundika vibendera vya rangi ya chungwa na nyeupe, kazi yako uvifikie utoboe kadi yako pale kuonyesha ulifika, alafu urudi kabla muda haujaisha. Waskandinavia ndo waliouanza, wanajeshi wao walikuwa wanaufanya kama mazoezi, mashindano ya kwanza ya raia yakafanyika Norway mwaka 1897. Sasa hawa wa huku wakauchanganya na usafi, kila timu inapewa magunia, pointi unapata kwa vibendera na pointi unapata kwa kilo za takataka, ukichelewa wanakukata pointi.

Hela sasa, maana najua hapo ndo mnaposubiri. Tangazo lilisema Mganda na mtu wa Afrika Mashariki elfu 35, mgeni mwingine elfu 70. Elfu 35 ya huku ni kama elfu 25 ya kwetu hivi, sio ndogo lakini humo kuna ramani, chai, chakula cha mchana na mtu wa huduma ya kwanza. Nikafungua fomu kwenye simu. Fomu inataka namba ya kitambulisho cha taifa, na ya kwao ina herufi na tarakimu 14, ya kwangu ya NIDA, ya Tanzania, ina tarakimu 20. Nikiandika zote inakataa, nikiandika namba ya pasipoti inasema haijatimia. Chini kuna sehemu ya "mgeni", ukibonyeza hiyo inapita vizuri kabisa inakuletea elfu 70. Hiyo ya mtu wa Afrika Mashariki ipo kwenye tangazo tu, kwenye fomu hakuna!

Nikapiga simu, dada akanijibu vizuri tu, "nyabo (yani dada), lipa hiyo 70 utarudishiwa tofauti siku ya tukio, njoo na uthibitisho". Nalipa, namba yenyewe ni ya mtu binafsi, napigiwa tena naambiwa weka na ya kutolea. Wale mnaosema huku maisha rahisi, hii nchi ukitoa hela kwenye simu unakatwa ada ya mtandao na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5, kwahiyo kila mtu anakwambia weka na ya kutolea, hata mchango wa msiba, weka na ya kutolea. Silalamiki. Nasema tu.

Siku yenyewe nikaenda na pasipoti msituni, hebu fikiria, pasipoti ndani ya mfuko wa nailoni ndani ya suruali. Pembeni yangu kijana wa Kenya kaonyesha kitambulisho chake cha kawaida wakampokea, maana wao na Wanyarwanda tangu 2014 wanaingia huku na kitambulisho tu, sisi Watanzania bado pasipoti au hati ya dharura. Mimi wakaniuliza kibali cha kazi kiko wapi. Nikawaambia kipo kinashughulikiwa, ninayo risiti. Risiti haitoshi. Nimekuja kukimbia porini kaka yangu, kibali cha kazi cha nini, nataka kuajiriwa na miti? Wakasema watalifuatilia.

Sasa twende msituni, maana hapo ndo raha ilipo na ndo ambapo nyie mmeona gunia tu.

Wanaopanda basi la Nairobi wanaijua Mabira, ile barabara ya Kampala kwenda Jinja inaukata msitu katikati, na pale Najjembe ndo magari yanasimama, vijana wanakimbilia madirishani na kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma, na soda na maji. Kila kitu kimefungwa kwenye kavera, yani mfuko wa plastiki. Sisi kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na tulilia tukazoea, huku katazo lipo kwenye karatasi miaka mingi na kavera ipo mkononi. Unakula kuku, basi linaondoka, mfupa na kavera na chupa vinapita dirishani. Kwahiyo takataka ya Mabira imekaa kwa mpangilio kabisa, mita chache za kwanza kutoka lami ni jalala, ukiingia ndani zaidi hukuti kitu, labda sehemu ambayo mtu alichoma mkaa kwa wizi.

Na wale waandaaji, wajanja sana, vibendera vyenye pointi nyingi wameviweka mbali ndani huko. Kwahiyo unachagua, unakimbilia vibendera urudi na gunia tupu, au unabaki pembeni ya barabara unajaza gunia unakosa vibendera. Timu yetu tulikuwa watatu, mimi, mama mmoja wa Mukono mwalimu wa shule ya msingi, na kijana wa boda anaitwa na wenzake Kapteni. Kapteni anataka kukimbia, mama anataka kilo. Mama akasema plastiki haina uzito mwanangu, tafuta chupa za glasi na pampasi. Ndio, pampasi za watoto zilizolowa mvua, moja ile ni kama tofali. Nilikuwa na glavu, msinitukane.

Timu moja, sisemi kina nani, walikuwa wanaokota chupa za plastiki zilizojaa maji ya mvua na wanazifunga vizuri na vizibo. Mzani ukasoma kilo nyingi mpaka msimamizi akashtuka, akaamuru kila gunia limwagwe na kila chupa ifunguliwe, foleni ikawa ndefu, watu wana njaa, chakula kinapoa. Yani hata kwenye usafi watu wanachakachua uzito.

Ramani yenyewe inachanganya, hii nawaambia kama mtaenda. Sisi tunafikiri kijani ndo msitu. Kwenye zile ramani msitu mzuri unaopitika ni mweupe, kijani ni kichaka, na kijani kilichokoza maana yake usijaribu. Kapteni akaona kijani akasema twendeni huku ndo msituni. Tukakutana na ule mti wa kigeni jamii ya mforosadi, uliletwa zamani ukasambaa wenyewe ukameza sehemu za msitu, umebanana hupitishi hata mkono. Mama akamwambia Kapteni wewe ingekuwa kwenye boda yako ungeniacha Busia, kule mpakani.

Alafu dira. Zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya, na kumbe sindano zinasawazishwa kulingana na sehemu ya dunia, kwa sababu sumaku ya dunia inavuta kwa pembe tofauti ukiwa kaskazini na ukiwa huku ikweta. Ya kwetu ilikuwa inainama upande mmoja inagusa kioo inakwama. Inabidi uiinamishe kidogo mkononi mpaka izunguke. Wazungu wawili waliokuwepo waliiamini ilivyokwama wakatokea kwenye mashamba ya miwa, na simu zikapigwa kuwatafuta. Mzee mmoja wa Najjembe aliyekuwa anatuangalia hakuwa na dira wala ramani, kila anayepotea anamnyooshea kidole tu, barabara ile pale, sikia malori.

Na sasa nirudi kwenye hilo neno "takataka za Waganda" maana ndo lililoniudhi kuliko yote. Kwenye gunia letu kulikuwa na pakiti ya maziwa ya Kenya. Kulikuwa na chupa ya maji imeandikwa imetengenezwa Dar es Salaam, nimeipiga picha ipo hapo kwenye skrini. Ile ni barabara ya mabasi ya kwenda Nairobi na mengine yanaunganisha mpaka Dar, sasa hiyo chupa ilitembea kwa miguu? Na hao Waganda mnaowasema, mwaka 2007 serikali ilipotaka kuikata sehemu ya msitu huohuo, zaidi ya hekta elfu 7, wapewe watu wa sukari walime miwa, watu walijaa barabarani Kampala, na watu wakafa kwenye yale maandamano. Mpango ukasimama. Sasa mimi nije niwafundishe kupenda msitu wao? Yule mama wa Mukono alikuwa anaujua kila mti kwa jina, ananionyesha tumbili, ananiambia huu unatibu tumbo, huu usiuguse.

Kuna kingine cha kunikera, nacho nikimalize. Maelezo yote yalitolewa kwa Kiingereza na Kiganda. Sawa, nchi yao. Nikauliza swali kwa Kiswahili, watu wakageuka, mmoja akacheka akasema "afande". Wa huku wanajua, Kiswahili kwa wengi hapa Kampala bado ni cha mwanajeshi na polisi, wazee wanakikumbuka kwa mtutu. Baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini karatasi na mdomo ni vitu viwili. Mimi nimezaliwa Mwanza, bibi yangu ananibembeleza kwa hicho Kiswahili, naitwa afande. Kapteni ndo akanisaidia, kumbe alikulia Arua na Kiswahili anakijua vizuri tu, alikuwa amenyamaza muda wote ananisikiliza napambana na Kiingereza changu.

Wale mnaoniuliza kama mje kushiriki, mi siwezi kumwambia mtu njoo. Nauli ya basi kutoka Mwanza kupitia Mutukula unaijua mwenyewe, mfuko wako unaujua mwenyewe. Mimi naishi hapa, nilikuwa na wikendi, nilikuwa na hiyo hela, na wiki ile sikuwa na mtu anayeniomba ada ya shule. Mwingine hiyo elfu 70 ni kodi ya chumba. Ukija, njoo na suruali ndefu na viatu vinavyofunga kisigino, glavu zako mwenyewe maana za pale ni nyembamba, na ujaze fomu pamoja na mtu wa kwao pembeni.

Tulishika nafasi ya nne, kwa kilo za mama. Vibendera tulipata vichache. Ile tofauti yangu ya elfu 35 mpaka narekodi hapa haijarudi, jana nimempigia yule dada ameniambia itatumwa kwenye simu ila watakata ya kutolea.