Kukagua Milango ya Kuzuia Moto Kwenye Ofisi za Zamani

Karibuni ndugu watazamaji. Niko Tabora mjini, ndani ya jengo la ofisi la zamani: kuta nene, paa la bati, milango ya mninga. Shika rula, tochi na daftari. Tunaanza na mlango unaotenganisha korido na ngazi, maana ngazi ndiyo njia ya watu kutokea.

Ufungue nusu, kisha uachie. Umeona? Umegota kwenye fremu, ulimi wa kitasa haujaingia. Mlango wa kuzuia moto lazima ujifunge wenyewe mpaka ulimi uingie. Rekebisha kile chuma cha juu kinachouvuta.

Sasa pima upenyo kati ya mlango na fremu. Pembeni na juu, milimita 2 hadi 4. Hapa napata 7, na moshi unapita hapo kabla hata hujauona moto. Bawaba zisipungue tatu, skrubu zote ziwepo. Pitisha kidole ukingoni, tafuta utepe mwembamba uliozamishwa kwenye mbao. Utepe huo ukipata joto la nyuzi kama 200 unavimba na kuziba upenyo. Mlango huu hauna, ila seremala anaweza kuchimba mfereji akauweka.

“Mninga huo, hauungui leo wala kesho!” Naambiwa hivyo mara nyingi. Gonga hizi paneli za katikati: nyembamba, na moto hutoboa hapo kwanza. Uingereza, mlango wa kuhimili dakika 30 kwa kawaida una unene wa milimita 44 hivi.

Sasa inua macho, na hapa tusikimbie. Juu ya mlango kuna tundu la hewa lenye wavu. Wajenzi waliliweka kwa ajili ya joto letu, lakini siku ya moto ni sawa na mlango kuachwa wazi. Lizibwe kwa tofali na plasta. Kisha panda, fungua dari, mulika. Tazama: ukuta umeishia darini! Huku juu ni uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, mbao za paa na nyaya za umeme. Moto ukiingia humu unapita juu ya milango yote. Nakusihi, pandisha ukuta wa korido hadi kwenye bati kabla hujatoa hela ya mlango mpya.

Na jiwe hili linaloushikilia mlango? Joto la Oktoba nalijua, siwalaumu. Fungueni madirisha, au wekeni sumaku iliyounganishwa na kengele ya moto: kengele ikilia, au umeme ukikatika, inaachia mlango.

Mlango wa nje usipigwe kufuli watu wakiwa ndani.

Andika vipimo vyote, mlango kwa mlango, umwite mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla fundi hajashika msumeno. Namba yao ya dharura, 114, ibandike hapa ukutani, penye ngazi.