Uzito wa Mwili na Uhai wa Wazee Waishio Makaoni

Ndugu wauguzi, walezi na jamaa wa wazee, nawashukuru kwa kufika.

Tumezoea kuonywa kwamba unene hufupisha maisha, na kwa mtu wa makamo onyo hilo ni la haki. Lakini kwa wazee wanaoishi katika makao ya kutunzia wazee, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wanaotangulia kufa ni wale wembamba, na wenye unene wa kiasi huishi muda mrefu kuliko wao. Kipimo chenyewe ni kilo za mtu zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha kimo chake cha mita. Shirika la Afya Duniani huhesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida kwa watu wazima, ilhali fomu ya MNA ya kupima lishe ya wazee humpa mtu alama kamili akifikia 23 au zaidi. Kwa hiyo mzee mwenye 20 hupita katika jedwali la kwanza, lakini katika la pili hutiliwa shaka.

Je, mafuta ndiyo yanayomlinda? Nasita kusema hivyo, kwa sababu mara nyingi maradhi ndiyo hutangulia: saratani, moyo uliochoka au ugonjwa wa kusahau humkondesha mtu miezi mingi kabla ya kumwua. Hata hivyo akiba ina kazi yake. Mzee akipata nimonia na kushindwa kula kwa wiki mbili, mwili hula misuli yake wenyewe, ikiwemo ile ya kupumulia na kukoholea, na misuli iliyopotea uzeeni hurudi kwa shida.

Ninaloomba mliogope zaidi, basi, ni kupungua. Kigezo kinachotumika Marekani ni kupoteza asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi 6. Kwa mwenye kilo 60, hizo za mwezi ni kilo 3 tu, ambazo jicho la anayemwona kila siku halizitambui, na maji yakijaa miguuni hata mizani haizionyeshi.

Linaloniuma ni kuona mzee wa miaka 88 akinyimwa chumvi na sukari kwa agizo aliloandikiwa akiwa na miaka 60, huku sahani yake ikirudi jikoni imejaa. Mwombeni daktari alipitie upya agizo hilo. Na kabla ya kuandika kwamba mzee amekataa kula, tazameni kama meno bandia bado yanamkaa, kama anameza bila kupaliwa, kama dawa mpya imemwondolea hamu, na kama alipata mtu wa kukaa naye mezani bila haraka.